Testi inafeli kwa eksepsheni ile ile niliyoiambia iisubiri

mfuga_chatu: Wakuu habari zenu, naomba msaada maana tangu jana usiku sijalala vizuri. Nina kiprojekti cha Python, folda inaitwa duka, ndani kuna malipo.py, makosa.py, conftest.py (ya mipangilio ya testi) na folda ya tests. Mwanzo nikiandika pytest tupu (ile programu ya kuendesha testi) ilikuwa inagoma, inasema ModuleNotFoundError: No module named 'duka', jamaa akaniambia andika python -m pytest, kweli ikatulia. Sasa kuna testi moja nimeiambia kwa pytest.raises isubiri SalioHalitoshi (eksepsheni yangu, yaani kosa linalorushwa salio likiwa dogo), kodi (code) yangu inarusha SalioHalitoshi hiyo hiyo, na bado inafeli:

E duka.makosa.SalioHalitoshi: salio 200, bei 500

Yaani mtu kaagiza chai, kaletewa chai, anasema hii siyo chai 😩

kaka_terminali: Futa __pycache__ zote (zile folda Python inazotunzia kodi iliyokwisha kuitafsiri) urudie

mfuga_chatu: Nimefuta mkuu, mpaka laptop nimeizima nikawasha. Wapi.

bibi_bagi: Hiyo mstari ya E isome yote mwanangu, usiishie kwenye jina la mwisho. Imesema duka.makosa.SalioHalitoshi. Juu ya faili ya testi umeimpoti vipi?

mfuga_chatu: from makosa import SalioHalitoshi. Ila malipo.py ndo ina from duka.makosa

bibi_bagi: Ndo hapo. Python inatunza moduli (faili ya kodi iliyoimpotiwa) kwenye sys.modules, orodha ya zilizokwisha kusomwa, kwa jina ulilolitumia kuiita, haiangalii kama faili ni ile ile, kwa hiyo makosa.py yako imesomwa mara mbili, moja inaitwa makosa nyingine duka.makosa, na kila moja imezaa klasi yake, majina sawa lakini mama mbalimbali; testi inasubiri ya makosa, kodi inarusha ya duka.makosa. Na njia zote mbili zinafanya kazi kwa sababu conftest.py imekaa ndani ya duka bila __init__.py (faili inayoifanya folda ihesabiwe kifurushi cha Python), pytest ikaiona ikaitia folda ya duka kwenye sys.path, orodha ya folda ambamo Python inatafuta moduli, halafu ile python -m ikaongeza na folda ya nje uliposimama. Huyo jamaa yako hakukosea, ila alifunika kidonda. Weka __init__.py tupu ndani ya duka, kila mahali andika from duka.makosa, from duka.malipo, usichanganye. Baadaye ukijisahau ukaandika from makosa itakataa palepale, na hivyo ndo tunavyotaka.

mfuga_chatu: Duh!! Imepita. Na pytest tupu nayo imekubali sasa. Shikamoo bibi 🙏

bibi_bagi: Marahaba

kaka_terminali: Haya nimejifunza na mimi. Mie niliwahi kupatch (kubadilisha kwa muda na ya bandia) funksheni ya kutuma sms, tuseme duka.sms.tuma, kwenye testi na simu yangu ikaendelea kupokea sms za kweli, kumbe malipo.py ilishafanya from duka.sms import tuma, jina lipo kwake tayari, unatakiwa upatch duka.malipo.tuma. Salio la sms liliisha ndo nikajua 😂