Kuhama macho katikati ya onyesho: ufundi au kumpoteza msomaji?

Mwana Mikindani: Naweka hoja mezani. Riwaya ya Kiswahili isihamishe mtazamo kutoka mhusika mmoja kwenda mwingine ndani ya onyesho moja. Sarufi yetu hairuhusu. Someni kipande hiki nilichokitunga:

"Somoe alimkabidhi mnunuzi kikapu. Alijua atapunjwa. Alimtazama usoni, akaona anavyomwogopa. Korosho zilijificha ndani ya mabibo kama siri tumboni mwa mama."

Nani alijua? Nani anamwogopa nani? Kile kiambishi a- hakikwambii ni mwanamke au mwanamume, ni huyu au yule. Wahusika wawili wakikaa pamoja, kila kitenzi ni mtego.

Binti Masasi: Korosho imejificha wapi? Korosho inaning'inia chini ya bibo, kwa nje, hata mtoto anaiona. Aliyeandika sentensi hii korosho anaijua ya kwenye pakiti.

Mwana Mikindani: Dada, hiyo ni taswira, si somo la kilimo. Na mambo ya pakiti yametoka wapi? Jadili maandishi, mwache mtu.

Binti Masasi: Maandishi ndiyo ninayoyajadili. Somoe ni mkulima. Kama tunaona kwa macho yake, picha hiyo haiwezi kumjia kichwani. Ilipoingia, mwandishi alimsukuma pembeni akakaa yeye. Huko nako ni kuhama macho, na wewe mwenye hoja hukukuona! Ukitaka siri, iko kwenye ganda: limetulia kabisa, ukilipasua ovyo utomvu wake unakubabua vidole, ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu. Mwanamke anayeyajua hayo akisikia maneno matamu ya mnunuzi atawaza ganda, hatawaza tumbo la mama.

Lindi Mjini: Watu wa Masasi mmeanza, kana kwamba Lindi hakuna mikorosho. Kama ni kusahihisha, sahihisheni vyote. Huyo mnunuzi anayemfuata mkulima nyumbani ni wa kangomba, ule ununuzi wa korosho wa kificho nje ya chama, na kangomba hupimwa kwa bakuli. Mizani iko chama cha msingi cha wakulima. Kikapu cha nini hapo?

Binti Masasi: Lindi sijaitaja mahali popote.

Lindi Mjini: Umesema "hata mtoto anaiona". Tunajua unamlenga nani.

Mwalimu Nachingwea: Ndugu zangu, punguzeni moto. Tatizo la zamani ni wahusika kubeba tabia kwenye majina. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1961, Majivuno anamshtaki Karama. Ukishasikia majina huhitaji macho ya mtu yeyote.

Mwana Mikindani: Ni 1951, Mwalimu. Na ile ni hadithi ya mafumbo, majina yake yana kazi. Tusiipime kwa riwaya ya uhalisia.

Mwalimu Nachingwea: Mwaka nimekubali. Hoja ya sarufi nakataa. Kiswahili kina vifaa vyake vya macho: huyu na yule, hapa na pale, kuja na kwenda. "Mnunuzi alikuja" inatuweka uani kwa Somoe. "Mnunuzi alikwenda kwa Somoe" inatutoa pale. Halafu futa "alijua", "aliona", "alihisi", acha wazo lijisemee:

"Somoe alikitua kiroba. Mnunuzi akachomoa bakuli. Kitako cha bakuli kilikuwa kimegongwa kikatuna kwa nje. Bakuli nne, huyu atabeba tano."

Hakuna atakayeuliza nani kawaza. "Huyu" imetosha. Sasa unataka kuhamia kwa mnunuzi? Ruka mstari, anza na jina lake, na sentensi ya pili ibebe kitu ambacho Somoe hawezi kukijua, tuseme fedha ya tajiri wake aliyoitumia nusu njiani. Ukichelewesha jina hadi sentensi ya nne, msomaji ameshampa Somoe mawazo ya mwingine, na kurudi nyuma kunamvunja. Abdulrazak Gurnah katika riwaya yake By the Sea aliwapa Saleh Omar na Latif Mahmud kila mmoja sehemu yake ya kusimulia, na mambo yaleyale ya zamani yanageuka sura kutegemea nani anayasema. Kuhama kunaruhusiwa. Mlango uonekane.

Mwana Mikindani: Kuruka mstari ni kufungua onyesho jipya, kwa hiyo umekubaliana na mimi. Ila bado nasubiri Binti Masasi aondoe neno la pakiti.

Binti Masasi: Ondoa korosho tumboni mwa bibo, na mimi nitaondoa pakiti.

Lindi Mjini: Mwalimu, kitako kilichotuna ni sahihi kabisa. Lakini Somoe wako amekaa kimya, na mama wa huku hanyamazi mbele ya bakuli la hivyo. Angeliweka chini pale pale, libembee mbele ya watu. Kwa nini wanawake wa kusini kwenye riwaya huwa wanawaza tu?

Binti Masasi: Hapo Lindi umesema. Mwalimu, mpe Somoe mdomo.