Tunagombania Vim na Nano wakati laibrari tunaokota tu njiani, povu ruksa

Wakuu heshima mbele.

Kila kundi la madevelopa nikiingia nakuta ugomvi ni ule ule wa edita (programu ya kuandikia kodi), Vim au Nano, Neovim au VS Code, na wiki hii kuna mdau kaja na hoja kwamba Vim ilikufa pamoja na mwenyewe Bram Moolenaar Agosti 2023 kwahiyo anayeanza leo aende Neovim moja kwa moja, mwingine akamjibu kwamba dogo anayejifunza asiteswe na terminali (dirisha la kuandika amri) kabisa ampe VS Code yake aendelee na maisha. Basi majibu yakatiririka usiku kucha. Halafu watu hao hao ukiwauliza laibrari (kodi iliyoandikwa na wengine) waliyoweka kwenye mfumo wa mteja inaandikwa na nani, wanakwambia "ina nyota nyingi GitHub".

Hoja yangu ni hii: edita ni kitu chepesi. Ikikuboa Ijumaa, Jumatatu unafungua nyingine na faili lako liko pale pale. Laibrari ni ndoa, na hujaoa yeye tu, umeoa na ukoo wake wote, yaani laibrari nyingine inazozitegemea.

Tuanze na hilo la Vim imekufa. Vi ya Bill Joy ni ya 1976 huko Berkeley, Bram akaja na Vim yake 1991 akiwa anatumia kompyuta ya Amiga. Neovim ikachomoka kwenye Vim 2014 baada ya jamaa mmoja kupeleka mabadiliko makubwa ya kufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja yakakataliwa, akaona isiwe tabu, akafungua mlango wake. Na kiukweli ule ushindani ulisaidia pande zote, maana 2016 Vim 8 nayo ikaja na uwezo wa kuendesha kazi nyuma ya pazia. Bram alipofariki watu waliokuwa naye wakashika usukani, Christian Brabandt akiwa mbele, na Januari 2024 wakatoa 9.1 kwa heshima yake. Sasa hicho ndicho kipimo ninachokitaka mimi, mwenye kitu akiondoka kitu kinabaki? Vim imefanya huo mtihani hadharani na imepita.

(Kwa pembeni tu, wangapi mmewahi kufungua Vim bila faili mkasoma ule ujumbe wa kusaidia watoto maskini wa Uganda? Ni Kibaale, Rakai kule, si mbali na Mutukula. Bram alijitolea huko miaka ya 90 kama fundi wa maji na usafi, na tangu hapo anayeipenda Vim akawa anaombwa kuchangia kituo cha watoto cha huko. Programu ipo kwenye seva za dunia nzima na mchango unaelekea jirani na Kagera, sisi tunaijua kwa vichekesho vya kushindwa kutoka tu.)

Na hivyo vichekesho vina ukweli wake, Stack Overflow, tovuti ya maswali ya madevelopa, 2017 walitangaza kwamba swali la jinsi ya kutoka kwenye Vim limeshafunguliwa zaidi ya mara milioni moja. Ndio maana sikatai anayesema Nano kwa anayeanza, amri zake zimeandikwa pale chini, Ctrl+O unahifadhi, Ctrl+X unatoka, kazi imeisha. Ila kuna seva utaingia hukuti Nano, vi utaikuta karibu kila mahali kwa sababu imo kwenye kanuni za POSIX, yaani viwango vya mifumo ya jamii ya Unix. Kwahiyo jifunze i (kuanza kuandika), Esc (kuacha kuandika), :wq (kuhifadhi na kutoka), :q! (kutoka bila kuhifadhi) na dd (kufuta mstari), inatosha kuokoa siku, huhitaji kuwa shehe wa Vim.

Anayesema terminali ni mateso ya bure namuuliza anafanyia kazi wapi. Sisi huku umeme unaruka, mtandao unakatika katikati ya SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), na VPS (seva ya kukodi) tunayolipia ni ile ya bei ya chini. VS Code ukitaka kuhariri mafaili yaliyo kwenye seva inapandisha programu yake kule kule, na wenyewe wanasema angalau RAM ya GB 1, inayopendekezwa 2. Ukiwa na ki-VPS cha MB 512 umekiua mwenyewe. Vim ndani ya tmux, inayotunza kazi yako kule kule kwenye seva, mtandao ukikatika unarudi unakuta kila kitu kama ulivyoacha, na hata bila tmux lile faili la .swp ambamo Vim inatunza mabadiliko lipo, unaandika vim -r na jina la faili unaendelea. Emacs, edita nyingine, sisemi sana, wenyewe wana dini yao.

Sasa njoo kwenye laibrari ambako ndiko watu wanaumia. Machi 2016 jamaa alikorofishana na npm, ghala la pakiti (laibrari) za JavaScript, kuhusu jina la pakiti, akaondoa pakiti zake zote, mojawapo left-pad, mistari 11 ya kuongeza nafasi kushoto mwa neno. Miradi mingi ikagoma kujengeka mpaka npm walipoirudisha kwa nguvu. Mwaka uliofuata padStart ikaingia kwenye JavaScript yenyewe! Na bado leo nakuta mtu anashusha laibrari ili aandike shilingi na alama ya mkato wakati Intl.NumberFormat ipo ndani ya kivinjari na inaijua TZS na KES vizuri tu. Masaa ndio usiseme, Afrika Mashariki ni +3 mwaka mzima hakuna cha kusogeza saa, Python tangu 3.9 ina zoneinfo yake ya kanda za saa, wewe unabeba mzigo wa nini?

Event-stream, laibrari nyingine ya npm, 2018 mwenye nayo alichoka, mtu asiyemjua akaomba kusaidia akakabidhiwa, kumbe anapitisha kitu cha kuiba bitcoin kwenye pochi za Copay. Hiyo ya xz, programu ya kubana mafaili, ndio ya kutisha zaidi, aliyekuwa anaitunza alikuwa karibu peke yake, akaja "msaidizi" mwenye subira ya miaka, na mapema 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa nyuma wa kuingilia seva kwa siri. Waliolengwa hawakuichagua xz, wao walikuwa na SSH tu. Ila baadhi ya Linux zilikuwa zimeunganisha sshd (inayopokea wanaoingia kwa SSH) na laibrari ya libsystemd, libsystemd nayo wakati huo ilikuwa inaivuta liblzma ambayo ni ya xz, ukoo huo. Developa mmoja, Andres Freund, akaibaini kwa sababu kuingia kwenye SSH kulichelewa kama nusu sekunde akaona haiwezekani akachimba. Nusu sekunde wakuu, huku kwetu tungesema mtandao leo mzito.

Naona majibu yameanza, ngoja nijibu mawili matatu.

Aliyesema laibrari isiyopata toleo jipya mwaka mzima ni maiti, hapana mkuu, nyingine zimemaliza kazi. Tofautisha iliyokamilika na iliyotelekezwa, angalia kama hitilafu zikiripotiwa kuna mtu anaitika. Wale wa Moment.js, laibrari ya tarehe ya JavaScript, Septemba 2020 waliandika wazi kwamba mradi mpya usitumie yao, wakataja Luxon na Day.js. Mimi nawaheshimu kuliko wanaokaa kimya.

Aliyesema nikipinga laibrari za M-Pesa za mtu mmoja mmoja nataka kila kijana aandike upya gurudumu. Gurudumu gani? Daraja (mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa) ni HTTP na JSON, yaani maombi ya kawaida ya wavuti, unaomba tokeni, unatuma ombi, unasubiri jibu kwenye anwani yako. Hiyo ni jioni moja ya kazi, na ni pesa za watu zinapita pale, kwanini ufunguo uupitishe kwenye mikono ya mtu aliyepandisha kitu akaingia mitini? Laibrari kubwa za Python kama Django au requests tumia bila wasiwasi, siwezi kumwambia mtu aandike Django yake.

Na aliyenibana kwamba Neovim yake ina plagini arobaini na hajawahi kupata shida, wewe ndio umenipa ushahidi. Plagini nayo ni laibrari, inaendeshwa kwa jina lako, ikitaka kusoma folda yako ya .ssh yenye funguo za seva nani ataizuia? Viongezi vya VS Code ni vile vile. Kwahiyo ukitaka tugombane kuhusu edita tugombane hapo, sio kwenye hjkl, herufi za kusogeza kishale kwenye Vim.

Mimi Vim tupu kwenye seva, VS Code kwenye laptopu na viongezi vichache ninavyovijua. Nasikia edita ya Helix inakuja na LSP na tree-sitter (vya kuelewa kodi unayoandika) ndani bila plagini yoyote, anayeitumia kazini kila siku aje atueleze anakwama wapi.