Fundi wa tangi la choo ananiambia "MNAKULA SANA"!

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Fundi yuleyule, msijifanye hamumjui, yule wa penseli sikioni na "hakuna shida" mdomoni, ndiye aliyenifungia tangi la maji taka kwenye boti. Leo nafungua kifuniko cha kunyonyea pale sitahani, mzigo ukaruka nusura ufike ncha ya mlingoti! Wageni wote wamevaa nyeupe. Nampigia simu, anajibu nini? "Tatizo si tangi, mnakula sana."

Mnakula sana! Simu iko kwenye spika, mama mkwe anasikia!

Tangi lenyewe la lita 80, matumbo yetu yanaingiaje hapo? Kaziba tundu la bomba la hewa kwa silikoni "ili harufu isitoke". Tangi lisilopumua, kila ukipiga pampu ya choo unazidisha presha ndani. Na hewa ndiyo inayowaweka hai bakteria wasionuka. Wakikosa oksijeni wanatawala wale wanaotoa gesi ya haidrojeni salfaidi, uvundo wa mayai viza. Nilimwomba bomba la hewa la milimita 38, fupi, lisilo na kona. Kaweka kijimrija kinachozunguka boti nzima kama mgeni aliyepotea.

Mipira ya kupitishia maji taka nayo kaweka ya maji ya kawaida, uvundo unapenya kuta zake. Klipu moja moja pale panapotakiwa mbili. Yote hayo ningemeza. Lakini mnakula sana? Mbele ya mama mkwe?

NangaKavu: Pole mkuu. Ila swali la msingi: mlikula nini?

Mtwezo: 😂😂 Mama mkwe alikuwa amevaa nyeupe pia?

PangaBoi: Umepona wewe. Mimi alinifungia la chuma. Mkojo na gesi vimelitoboa kwenye maungio, likavujia chini ya kitanda. Nikaambiwa "chuma hakiozi". Chukueni la poliethilini nene, msidanganyike. Na mipira ipimeni: ifute kwa kitambaa chenye maji ya moto, kikipoa kinuse. Kikinuka, mpira umekwisha.

Mkwasi_Wa_Pwani: Tangi la nini? Fungua valvu, mwaga baharini, maisha yaendelee.

Demani: Mwaga na wewe uogelee humo. MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, Kiambatisho cha IV, kilianza kufanya kazi 2003: maji taka ghafi yanamwagwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, tena chombo kikiwa safarini kwa mwendo usiopungua maili 4 za baharini kwa saa. Hiyo ni kwa meli za tani 400 na kuendelea, au zenye kibali cha watu zaidi ya 15. Boti ndogo zina sheria za kila nchi. Marekani ndani ya maili 3 ni marufuku.

Mleta uzi: Tusitoke kwenye mada! Kasema MNAKULA SANA!

PangaBoi: Tumesikia mkuu.

NangaKavu: Mnalia tangi, hamjakutana na yule wa betri. Kaunganisha waya kinyume, taa zote zikazima usiku katikati ya maji.

Mtwezo: Wa betri? Afadhali huyo. Wa rangi je? Kapaka juu ya unyevu, yote imebanduka kwa vipande.

Demani: Wa rangi usinikumbushe. Nafungua uzi wake sasa hivi.