Mnaowashauri waandishi wachanga "lipia tu kitabu kitoke", mmetuponza vya kutosha!

Wakuu, leo salamu fupi. Kuna jambo limenikaa kooni tangu juzi nilipofungua katoni la kwanza la riwaya yangu.

Mgongoni mwa kitabu jina langu limekosewa. Herufi moja tu, ila ndiyo ya kwanza kwenye jina la baba yangu. Nikajipoza, nikasema ngoja nitazame ndani. Ukurasa wa 61 mjomba wa mhusika mkuu anazikwa. Ukurasa wa 94 mjomba huyohuyo anabisha hodi, anaomba maji ya kunywa. Kosa ni langu, nilihamisha sura nikasahau kumtoa kule mbele. Lakini jamani, ankara niliyolipa ilikuwa na mstari mzima umeandikwa "uhariri wa kitaalamu". Alihariri nani, na macho alikuwa ameyaacha wapi?

Nianze mwanzo. Riwaya imenila miaka mitatu, naandika alfajiri kabla ya kwenda kazini. Nilipomaliza nikatuma mswada kwa wachapishaji watano. Watatu kimya mpaka leo. Mmoja akajibu kwa sentensi mbili. Wa tano akanikataa, lakini mhariri wake akaandika aya nzima: sura tatu za mwanzo zinamchelewesha msomaji, hadithi inaanza kweli sura ya nne, na kuna mhusika "anayeonekana kufa mara moja tu kati ya mbili". Sikumwelewa. Nikaona ananikejeli, nikafuta ile barua pepe kwa hasira. Leo ndiyo nafahamu kwamba aliyenikataa aliusoma mswada wangu bure, na niliyemlipa hakuufungua.

Nikiwa na machungu hayo nikaingia kwenye magrupu ya ushauri wa waandishi. Huko wimbo ni mmoja: "Wachapishaji wakubwa hawataki wachanga, usipoteze muda, tafuta kampuni mchangie gharama." Nikaunganishwa na kampuni. Nikatuma kurasa 280 Jumatatu usiku, Jumatano asubuhi nikajibiwa kwamba jopo lao limeusoma mswada na "limeguswa sana". Siku mbili! Mimi mwenyewe niliyeuandika, kuusoma prufu, yaani kusaka makosa, kulinichukua wiki tatu. Lakini ukishakataliwa mara tano, neno "limeguswa" linakulegeza magoti.

Laiti ningekijua mapema kisa hiki cha Marekani. Mwaka 2004 kundi la waandishi wa hadithi za kisayansi, wakiongozwa na James D. Macdonald, walitunga riwaya mbovu kwa makusudi ili kuipima kampuni iliyojinadi kwamba inachuja kazi. Sura mbili zilikuwa zilezile neno kwa neno. Sura ya 21 haikuwepo kabisa. Sura ya 34 ilitungwa na programu ya kompyuta kwa kuchanganya maneno ya sura nyingine. Kampuni ikaikubali na kuleta mkataba! Walipojitangaza mwaka uliofuata, ndipo ofa ikafutwa. Huyo Macdonald ndiye anayejulikana kwa kauli kwamba fedha zinapaswa kutiririka kuelekea kwa mwandishi. Mimi zangu zilitiririka kuelekea bondeni.

Msinielewe vibaya. Sina ugomvi na anayejichapishia mwenyewe. Huyo anamlipa mhariri, anamlipa msanifu wa jalada, anamlipa mpiga chapa, na mwisho wa siku kitabu ni chake, haki ni zake, mauzo ni yake. Ugomvi wangu ni na anayechukua hela yako KISHA anachukua na haki zako, halafu anajiita mchapishaji. Mchapishaji anaweka mtaji wake, ndiyo maana anastahili sehemu kubwa ya mauzo. Huyu mtaji kaweka nini?

Mkataba nilisaini usiku, kwenye simu, kwa kidole. Juzi ndiyo nimeusoma kwa utulivu. Nimewapa haki za lugha zote, nchi zote, filamu na kitabu cha kusikiliza, "kwa muda wote wa hakimiliki". Kiwango cha chini cha Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ni uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa. Yaani wajukuu zangu watakuwa wanaomba ruhusa.

Mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa? Asilimia 10. Nilifurahi, maana ndizo asilimia nilizokuwa nasikia. Sikuona neno "mapato halisi" pembeni. Chukua bei ya jaladani iwe 100. Duka likiondoka na 40, zinabaki 60. Kutoka hapo mkataba unawaruhusu wakate uchapaji, usafirishaji na "matangazo". Zikibaki 20, changu ni 2. Asilimia 10 ya bei ya jaladani ingekuwa 10. Neno moja, mara tano!

Halafu kuna ada ya "kukulindia hakimiliki". Kwenye nchi zilizo ndani ya Berne, na ni nyingi mno, hakimiliki inakuwa yako pale unapoandika, bila kusajili popote. Usajili una faida zake kwingine mkifika mahakamani, sawa, lakini hawa hawakusajili chochote. Walinipa ISBN, wakaiita ulinzi. ISBN ni tarakimu 13 za kukitambulisha kitabu sokoni, hailindi hata nukta. Na yenyewe imesajiliwa kwa jina lao.

Washauri, kwa nini haya hamyasemi? Mnatuambia "amini ndoto yako". Hakuna hata mmoja aliyeniambia niangalie kwanza nani anachapisha vitabu vya aina yangu, wala kwamba muhtasari wa kumpelekea mhariri unatakiwa useme hadithi inaishaje (mimi nilificha mwisho, nikidhani namtega!). Hakuna aliyeniambia nimpe mtu mkataba ausome kabla sijasaini.

Sasa naomba msaada wa aliyewahi kujinasua. Kifungu cha 14 kinasema haki zitanirudia "kitabu kitakapokwisha sokoni". Tatizo ni kwamba wanachapa nakala mojamoja kwa oda, na kipo pia kwa mfumo wa kielektroniki. Kwa hesabu hiyo hakitakwisha sokoni hata kisiponunuliwa na mtu. Kuna aliyepambana na kifungu cha namna hii akashinda? Ulianzia wapi, barua au wakili?

Na wewe kiongozi wa grupu uliyeniunganisha nao, asubuhi hii nimeona unampongeza binti mmoja kwa "kupita kwenye jopo" ndani ya siku mbili. Pita hapa utujibu: kwa kila kichwa unachowapelekea, unalipwa ngapi?