Antena isiyoonekana kwa gari la kale: niifiche wapi?

SitoboiBati

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijaharibu kitu ambacho hakitarudi katika hali yake. Nina gari la milango miwili la mwaka 1966, bodi yake ni ya chuma, na kwa kuwa lilitoka kiwandani bila redio, fenda zake hazijawahi kutobolewa. Nimepata redio ya enzi hiyohiyo, yenye FM na AM, nayo imefanyiwa matengenezo na inafanya kazi vizuri mezani. Kilichobaki ni antena, na nisingependa ionekane.

Nimeangalia aina tatu: ile ya kubandika kwenye kioo yenye kikuzaji cha mawimbi, ile fupi ya mpira, na ile ya umeme inayozama ndani ya fenda redio ikizimwa. Mara nyingi nasikiliza FM, ila usiku napenda AM kwa sababu vituo vya mbali hufika. Je, ipo antena inayofichika kabisa na bado ikafanya kazi inavyopasa? Niongeze kwamba betri ni ya volti 12, lakini ncha yake chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Redio yenyewe ina swichi nyuma ya kuchagua chanya au hasi, nami nimeshaiweka kwenye chanya.

Mawimbi75

Ndugu SitoboiBati, jambo ulilolitaja mwishoni ndilo linalopaswa kuamuliwa kwanza. Antena nyingi zenye kikuzaji hutengenezwa kwa magari ambayo hasi ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, na ndani yake utandio wa nje wa kebo (wavu wa chuma unaouzunguka waya wa kati) huwa umeunganishwa na upande hasi wa umeme. Ukiichomeka kwenye redio yako, ambayo kasha lake sasa ni chanya, utandio huo utagusa kasha na utakuwa umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Ukibahatika itakatika fyuzi. Usipobahatika utaungua waya. Kuitenga antena na bodi kwa mpira au plastiki hakusaidii, kwa sababu njia ya hatari inapita kwenye plagi ya antena yenyewe. Kwa hiyo ama ubadilishe mfumo mzima wa gari uwe wa hasi, kazi inayohusu pia dainamo, ama utumie antena isiyohitaji umeme. Mimi ningechagua hii ya pili.

Sasa urefu. FM iko kati ya megahezi 87.5 na 108, ambako wimbi lina urefu wa takriban meta 3, na robo yake, yaani sentimeta 75 hivi, ndiyo antena inayofaa. Hesabu hiyo haifanyi kazi kwenye AM: kituo cha kilohezi 1000 kina wimbi la meta 300, na hakuna gari litakalobeba robo ya hapo. Huko antena ni kipande kifupi tu kinachoonja mawimbi, na kinachoamua ni jinsi kilivyo mbali na chuma na jinsi kebo inavyopoteza kile kidogo kilichopatikana. Ndiyo maana kebo za antena za magari huwa na kapasitansi ndogo, yaani uwezo mdogo wa kushika chaji ya umeme kati ya waya wa kati na utandio. Mtu akirefusha ya kwake kwa RG-58, aina ya kebo ya redio ambayo ina kapasitansi ya takriban pikofaradi 100 kwa kila meta, FM itaendelea kusikika lakini AM itafifia, naye ataishia kuilaumu redio. Ile fupi ya mpira isahau. Nayo inaiua AM kwa namna yake.

Kuhusu vikuzaji kwa jumla, kikuzaji hukuza kila kinachokifikia, kelele pamoja na sauti, na ukipita karibu na mnara wa kurushia matangazo kinaweza kuzidiwa kiasi kwamba vituo vinaingiliana.

FibaglasiDaima

Gari langu lina bodi ya fibaglasi, kama zilivyo Chevrolet Corvette tangu mwaka 1953, kwa hiyo antena yangu imelala ndani ya bodi na hakuna anayeijua. Mawimbi hupita kwenye fibaglasi bila shida. Tatizo langu lilikuwa kinyume cha lako: sina bati la kuwa ethi ya antena (upande wa pili wa antena, kazi ambayo kwako hufanywa na bodi), hivyo nililazimika kutumia mikono miwili ya waya, kila mmoja sentimeta 75, ikielekea pande tofauti. Nakuonya usiige mpango huu. Chini ya dashibodi ya chuma au ndani ya buti la chuma, waya uko gerezani.

Swali lako, kwa njia, si geni hata kidogo. Kabla ya katikati ya miaka ya 1930 magari mengi yalikuwa na paa lenye sehemu ya kitambaa, na wavu wa waya uliokuwa ndani ya paa hilo ulitumika kama antena. General Motors ilipoleta paa la chuma tupu katika magari ya mwaka 1935, maficho hayo yakapotea, na antena zikahamishiwa chini ya vibao vya kukanyagia mlangoni, karibu kabisa na matope.

DerevaWaZamani

Nitaitetea kidogo antena ya umeme, kwa kuwa ndiyo pekee inayokupa urefu kamili unapouhitaji na kutoweka usipouhitaji. Hata hivyo sikushauri wewe uifunge. Inahitaji tundu, inahitaji nafasi ya kutosha ndani ya fenda, na inahitaji mrija wa kutolea maji ya mvua. Mrija wangu ulichomoka bila mimi kujua, na nilipokuja kugundua, fenda ilikuwa imeliwa na kutu kutokea ndani.

Kabla hujanunua chochote, chukua waya wa sentimeta 75, uunganishe kwenye ncha ya kati ya kebo, ubandike kwa selotepu mahali mbalimbali na usikilize. Fanya hivyo injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inanguruma. Kelele ikija na injini, antena haina kosa. Ikiwa ni mlio wa kukatakata unaofuata mwendo wa injini, tafuta kwenye plagi za injini, nyaya zake na koili inayozipatia umeme wa cheche. Nyaya za shaba tupu hutoa kelele nyingi, na plagi zenye rezista huipunguza sana. Kapasita ya kuzuia kelele hufungwa kwenye ncha ya koili inayopokea umeme kutoka kwenye swichi, si ile inayokwenda kwenye distribyuta, kwani ukikosea hapo injini inaweza hata kukataa kuwaka. Ikiwa ni mluzi unaopanda na kushuka, hiyo ni dainamo: kapasita iende kwenye ncha kubwa ya kutolea umeme, kamwe isiende kwenye ile ndogo ya fildi. Usisahau boneti. Bawaba zilizopakwa rangi hazipitishi umeme vizuri, na boneti isiyo na ethi huacha kelele yote itoke.

SitoboiBati

Nawashukuru nyote. Nimefanya jaribio la waya. Chini ya dashibodi nilipata vituo vyenye nguvu tu. Nyuma ya bampa la nyuma FM ilikuwa ya wastani na AM hafifu. Waya ukiwa umesimama pembeni mwa kioo cha mbele, FM ilikuwa safi isipokuwa kwenye kona chache. Nimeamua kutumia waya mwembamba wa shaba hapo kiooni. Injini ikiwaka, AM inakatakata, kwa hiyo nimeagiza plagi zenye rezista. Linalonisumbua sasa ni kwamba AM iko chini hata injini ikiwa imezimwa.

Mawimbi75

Waya usiugusishe nguzo ya kioo. Uache sentimeta chache kati yao, na utandio wa kebo uufunge kwenye bati lililokwanguliwa rangi, karibu kabisa na mahali waya unapoanzia.

Kuhusu AM, redio nyingi za enzi hiyo zina skrubu ndogo karibu na tundu la antena, mara nyingi imefichwa nyuma ya kitufe au kifuniko, ambayo hulinganisha redio na antena. Funga kwanza waya na kebo utakazozitumia siku zote, kwa sababu ukibadilisha kimojawapo itabidi uanze upya. Zima injini, tafuta kituo hafifu cha karibu na kilohezi 1400, ongeza sauti, kisha zungusha skrubu polepole kwa bisibisi ya plastiki hadi kituo kisikike kwa nguvu zaidi. Usitumie kituo chenye nguvu, maana redio hujirekebisha yenyewe na hutasikia tofauti.