Mrejesho: Kantangaze kwenye nyanya zangu, Ilula

Wakuu, salaam. Msimu uliopita niliwauliza nifanye nini baada ya kantangaze (mdudu wa nyanya, Tuta absoluta) kunimalizia nusu eka ya nyanya, na huku napiga dawa kila baada ya siku 4.

Aliyeniambia nipasue jani kwanza kabla ya kununua dawa nyingine, Mungu ambariki. Kwenye lile doa jeupe kama karatasi nilimkuta kiwavi, mdogo, wa kijani, kajificha katikati ya ngozi mbili za jani. Dawa yangu ya kugusa, ile inayoua mdudu ikimgusa tu, ilikuwa inaishia juu ya jani! Tena nilikuwa narudia ileile: chupa tofauti, kiambato kimoja.

Safari hii nilianza na kitalu chenye neti. Shambani nikatega beseni za maji ya sabuni, juu yake kidonge chenye harufu ya kipepeo jike wa kantangaze. Asubuhi ya kwanza nilikuta vipepeo 17 wa kijivu wanaelea. Wananaswa madume tu, kwa hiyo beseni peke yake halitoshi, ila linakujulisha wakati wa kukagua majani. Yenye doa tunayachuma pamoja na matunda yaliyotobolewa, tunafunga kwenye mfuko mweusi na kuuanika juani. Zamani niliyatupa kando ya shamba, kumbe nawafuga viwavi. Dawa nimepiga mara 3 tu, jioni, inayopenya jani, nikibadilisha kundi la dawa kila mara, siyo jina la chupa tu.

Nimevuna. Hasara ipo upande wa jirani, ambako mabaki ya nyanya bado yamesimama. Tumekubaliana kuyang'oa pamoja Jumamosi, kisha kwangu naweka maharage. Asanteni sana.