Neutol WA au Ilford Warmtone: shemeji aninunulie ipi?

kivuli_tanga: Habari zenu wakuu. Shemeji yangu anarudi kutoka Ujerumani wiki ijayo, amekubali kunibebea dawa ya kusafishia picha, chupa moja tu. Nataka picha zenye weusi unaoelekea kahawia, siyo ule wa kibuluu. Nimebaki na mbili: Adox Neutol WA na Ilford Warmtone. Nichukue ipi?

MamaFiksa: Karatasi gani? Hujasema, na bila hilo hakuna atakayekujibu sawasawa. Chumba chako cha giza kina joto kiasi gani?

Mzee_wa_Beseni: Neutol WA. Naitumia tangu enzi Agfa wakiitengeneza, kabla ya kampuni kufilisika 2005. Sijaona mfano wake.

picha_nakuru: Shikamoo mzee. Lakini rangi inatoka kwenye karatasi kwanza. Chembe za fedha zikiwa ndogo sana ndipo weusi unaingia ukahawia, na karatasi za joto, yaani za rangi ya kahawia (warmtone), zimetengenezwa hivyo. Fomatone, karatasi ya aina hiyo, hata ukiisafisha kwa Dektol, dawa ya kawaida, sehemu moja kwa mbili za maji, bado ina joto.

kivuli_tanga: Ni Multigrade RC Deluxe, karatasi ya kawaida yenye tabaka la plastiki. Joto sijapima, ila si mnaijua Tanga.

MamaFiksa: Basi hiyo pesa ya dawa anunulie karatasi! Tena hizi dawa za maji mimi ziliniumiza. Nilinunua ya joto kwa muuzaji mmoja mjini, chupa haijafunguliwa. Kumimina, imekuwa kama chai ya rangi. Nampigia, ananiambia dawa za joto ndivyo zilivyo. Nilikuwa na picha za arobaini ya baba, ndugu wanasubiri. Dakika tano kwenye beseni na weusi haujafika, kijivu cha matope tu. Nikaongeza dawa, madoa ya njano yakaanza pembeni. Boksi zima la karatasi za fiber, zile zisizo na plastiki, likaishia hapo. Nairudisha, anakataa kwa sababu nimeifungua. Tangu siku hiyo nanunua ya unga tu.

bahari_pemba: Changanya mwenyewe: metoli, haidrokwinoni, sodiamu sulfaiti, potasiamu bromaidi. Alkali tumia magadi ya sokoni.

picha_nakuru: Magadi ya sokoni hapana. Yana bikaboneti na chumvi ndani, leo dawa kali, kesho imelala. Tafuta soda ash ya kiwandani.

bahari_pemba: Ukiyachoma kwenye sufuria kavu ile bikaboneti inageuka kaboneti. Hiyo ni kemia ya shule.

picha_nakuru: Na chumvi inakwenda wapi?

Mzee_wa_Beseni: Marahaba picha_nakuru. Mwacheni magadi, kijana ameuliza dawa. Weka beseni ndani ya karai la maji ya barafu, shikilia nyuzi 20. Picha ikiiva zaidi ya inavyotakiwa, weusi unapoa. Na kwenye lita ya dawa ongeza mililita 10 za bromaidi ya asilimia 10, kisha zidisha muda wa mwanga kwenye mashine ya kukuzia. Utaona kahawia.

MamaFiksa: Kwenye RC Deluxe ataona kidogo sana, mzee wangu.

kivuli_tanga: Shemeji yuko dukani sasa hivi. Kuna Fomatone 131 na 132.

picha_nakuru: 131 inang'aa, 132 haing'ai. Zote ni fiber, zinahitaji kuoshwa muda mrefu sana kuliko RC.

kivuli_tanga: Kwetu maji ni ya mgao.

bahari_pemba: Tumia sulfaiti kabla ya kuosha, inapunguza maji.

Mzee_wa_Beseni: Mwambie achukue na Neutol.

MamaFiksa: bahari_pemba, hiyo sulfaiti unaipata wapi huko?